Tone la Maji Juu ya Injini: Mama wa Mudzipela na Magari Madogo ya Mbio

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, Alphonsine Ngave anafungua gari na maji yanatoka.

Si maji mengi. Ni kama kijiko kimoja cha chai. Yanachuruzika kutoka chini ya injini na kuingia kwenye kitambaa cheupe alichokitandika mezani. Anayatazama. Anainama, anayanusa. Yananuka sabuni ya unga.

"Kasereka," anasema bila kuinua kichwa, "hii gari uliipeleka wapi jana?"

Kasereka, muuzaji wa saruji na misumari, amesimama upande wa pili wa meza na shati lililopigwa pasi. Gari ni lake.

"Niliipeleka kuosha, mama. Kule mutoni, kwa bale banaoshaka mapikipiki. Si leo iko mbio? Gari haiwezi kutoka mbele ya batu na vumbi."

"Waliosha na nini?"

"Na omo." Kasereka anakohoa kidogo. "Na burashi."

Alphonsine anaweka bisibisi chini. Anafuta mikono kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayesubiri hasira ipite ndipo aongee. Kisha anavuta kiti.

"Kaa. Shika hii bakuli. Kila kitu nitakachotoa, weye utakiweka humu, na usikiguse tena."

Gari linalozungumziwa hapa lina urefu wa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Linaongozwa kwa rimoti. Lakini si la kuchezea. Lina injini ya kweli yenye pistoni isiyozidi ncha ya kidole, kabureta, klachi, gia mbili na breki. Halitumii esanse, yaani petroli. Linakunywa nitro, maji ya rangi ya waridi yanayoletwa kwa madumu kutoka Kampala kupitia Mahagi, dumu moja dola hamsini na tano. Likiwa na afya, jicho linapata tabu kulifuata.

Mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, una magari saba ya namna hiyo. La kwanza liliachwa na injinia mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Mengine yalifuata, moja baada ya jingine, kwa sababu mfanyabiashara akiona jirani yake ana kitu, naye hulala vibaya. Kila mwisho wa mwezi yanashindana kwenye sakafu ya saruji ambako zamani kahawa ilianikwa, nyuma ya ghala kuukuu la mzee mmoja anayeitwa Constant.

Kati ya magari hayo saba, manne yanatunzwa na Alphonsine, mjane mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. Matatu yanatunzwa na Fabrice, kijana mtengeneza simu wa mjini.

Na asubuhi hii kuna jambo zaidi ya mbio. Mzee Constant ametangaza kwamba ghala lake lina chumba kimoja kitupu: mita tatu kwa nne, sakafu ya saruji, dirisha la kioo, mlango wa chuma wenye kufuli. Atakitoa bure kwa mwaka mzima kwa fundi mmoja tu, na fundi huyo ndiye atakayetunza magari yote saba.

"Chungu kimoja hakipikwi na wapishi wawili," alisema mbele ya wote. "Kasereka anaendesha gari linalotunzwa na mama. Fabrice anaendesha lake. Dakika thelathini. Mwenye mizunguko mingi, na injini bado inazunguka, fundi wake anachukua ufunguo."

Mbio zinaanza saa nne. Alphonsine amebakiwa na saa nne, na gari lililojaa maji ya mto.

*

Mtu asiyejua kazi hii anaweza kuuliza chumba kina nini cha ajabu.

Karakana ya Alphonsine ni nguzo nne za mkaratusi na hema moja lililokwisha kufifia, kando ya njia ya mtaa wa Mudzipela. Kila pikipiki inayopita inarusha vumbi. Kwa jenereta au mashine ya kukata mbao, vumbi ni usumbufu. Kwa injini ambayo pistoni yake ni kama ncha ya kidole, punje ya mchanga ni jiwe. Mwaka huu, mara tatu, amefungua injini aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe akakuta mikwaruzo ndani.

Ndiyo maana anaanza saa kumi na mbili. Kufikia saa mbili pikipiki zimejaa barabarani, na injini ndogo haifunguliwi tena mpaka kesho yake.

"Ninafanyaka kazi ya saa sita mu saa mbili," anasema. "Mulango tu. Nikipata mulango wa kufunga, ile ingine nitaweza."

Kusafisha kabureta ya jenereta kunampa faranga elfu tano. Wiki nzuri inaleta elfu sitini, na theluthi yake inatokana na magari haya madogo. Kwa fedha hizo analipa nyumba, na binti yake Claire anamalizia sekondari.

Injini alizijulia kwenye kinu cha kusaga mahindi huko Djugu, kilichokuwa cha mume wake, Nathanaël. Yeye alipokea magunia, mume akashughulika na mashine. Lakini masikio ya mwanamke anayekaa karibu na mashine kutwa nzima hayalali. Baada ya miaka mitatu alikuwa anajua kwa sauti tu kwamba kinu kitakufa saa ngapi.

Mwaka 2018 walikimbia mapigano. Kila mtu alibeba alichoweza. Alphonsine alijitwika kichwani sanduku la spana za mashine, akaacha sufuria.

"Njiani wanawake walinicheka mpaka tukafika," anakumbuka. "Bananiambia, 'Mama, utapika nini, bulo na skurubu?' Nikatembea na sanduku yangu. Kesho yake mu kambi pompi ya maji ikakufa. Baliniletea sufuria bao wenyewe, na chakula ndani."

Nathanaël alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa ini. Alimwachia sanduku hilo na njia moja ya kupima moto wa injini.

*

Saa moja na nusu. Bakuli la Kasereka limejaa vipande vidogo vinavyong'aa. Alphonsine ametoa beringi zote, ambazo hapa watu wanaziita ruluma: nane za magurudumu, mbili za injini, mbili za klachi. Anaziogesha kwenye esanse moja moja, anazikausha kwa pampu ya baiskeli, kisha anashika kila moja kwa ncha ya kidole na kuizungusha karibu na sikio lake.

"Iko nasema?" Kasereka anauliza kwa sauti ndogo. Hajasogea tangu aambiwe akae.

"Hii imenyamaza. Muzuri." Anachukua nyingine. "Hii nayo muzuri." Anachukua ya klachi, anaizungusha, anakunja uso. "Hii iko naongea kama mutu wa pombe."

Beringi mbili za klachi zimeingiwa na sabuni, na mafuta yake yameoshwa yote. Kampala ni mbali. Alphonsine anainuka, anavuta kopo la maziwa chini ya meza na kulimimina. Ni beringi alizozitoa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa, miezi minane iliyopita, akaziweka kwa sababu hatupi kitu. Mbili zinaingia. Anazipa mafuta ya cherehani, tone moja kila moja.

Gari hili amelitengeneza upya kwa namna hiyo tangu mwanzo. Bamba la chini, lililokuwa linapinda kwenye kona, amelikaza kwa kipande cha mfuniko wa sufuria alichokikata na kukinyoosha kwa siku mbili. Bomba la moshi linashikiliwa na spoku ya baiskeli. Matairi ya sponji anayazungusha kwenye mota na kuyasaga kwa msasa mpaka yawe sawa yote manne, maana tairi moja likiwa kubwa kuliko jingine, gari linakwenda upande kama ng'ombe asiyetaka kamba.

Injini ameifunga kabla ya saa mbili; saa tatu na nusu anakaza skurubu ya mwisho ya gari. Kasereka anataka kusema kitu. Anamzuia kwa mkono.

"Najua. Unataka kuomba pardon. Utaniomba mbio ikiisha."

*

Kwenye sakafu ya kahawa watu wamefika wapata mia mbili. Mistari ya kona imechorwa kwa chokaa. Domitille, mwalimu wa hesabu, yuko ubaoni na chaki yake, tayari kuhesabu mizunguko. Kila gari limeoshwa, limefutwa, limepakwa mafuta. Hapa mtu haendi kwenye sherehe na chombo kichafu. Hata baiskeli ya kwenda Misa ya Pasaka hufutwa spoku.

Lakini hakuna linalong'aa kama la Fabrice. Kichwa cha injini yake, ile sehemu ya juu yenye mapezi ya kupoza moto, kilikuwa cheusi kama vya wenzake. Leo ni cheupe. Jua linakipiga mpaka mtu anafumba jicho.

"Nilisugua siku mbili," Fabrice anawaambia wanaomzunguka. "Musasa kwanza, kisha majivu. Mama yangu alinifundishaka: sufuria nyeusi iko haya ya nyumba."

Mkononi ana kipima joto chenye umbo la bastola, mfano wa vile walivyopimwa navyo watu vipaji vya nyuso wakati wa Ebola, ila hiki ni cha mashine. Anakielekeza kwenye injini, anabonyeza, namba inatokea. Kwa miezi sita amekuwa akitafuta namba moja: mia na kumi. Ikizidi, anaongeza mafuta kwenye kabureta kwa kufungua sindano yake. Ikipungua, anaifunga kidogo.

Alphonsine hana kipima joto. Ana chupa ya maji na kijiti.

Anapofika, Fabrice anamwona na kutabasamu. "Mama Alphonsine, karibu. Leo motere itabatizwa jina gani?"

Watu wanacheka. Motere ni injini, na utani huu ni wa siku nyingi.

"Ya kwangu ilishabatizwa mutoni jana, na omo," Alphonsine anajibu. "Ya kwako nayo naona iko nang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Tutaona kama inapika."

Wanacheka tena, safari hii upande wake.

Ubatizo wenyewe uko hivi. Injini ikishapata moto, Alphonsine anachovya kijiti kwenye maji na kudondosha tone moja juu ya kichwa chake. Kisha anasali, kwa midomo tu: Salamu Maria. Tone likikauka anapofika kwenye "Bwana yu nawe", injini iko sawa. Likiwahi kukauka, kabla ya "umejaa neema", injini inaungua. Likichelewa, likafika kwenye "wanawake wote", inakunywa mafuta mengi mno na gari litakuwa zito.

Nathanaël alikuwa anatema mate juu ya mashine ya kinu na kukisia. Sala aliiongeza mke. Saa hawakuwa nayo, na mate ya kila mtu ni tofauti, ndiyo sababu ya maji.

"Nilimuuliza padri kama iko zambi," anaeleza. "Akaniambia, 'Kama unasali, hapana. Kama unahesabu tu, ndiyo.' Basi nasalika kweli. Na mutu anayesali kweli hakimbii, hachelewi. Mwendo wake ni ule ule kila siku. Saa inaweza kusimama, sala hapana."

*

Saa nne kamili Constant anashusha bendera.

Dakika tano za kwanza gari la Kasereka na la Fabrice yanakwenda sambamba, mengine yanabaki nyuma. Sauti ni kali, kama nyuki elfu ndani ya debe. Kila dakika tano au sita gari linaingia pembeni kunywa. Chupa inabanwa, sekunde tatu, linaondoka.

Mara ya kwanza gari la Kasereka linapoingia, Alphonsine anadondosha tone. Linakauka kwenye "umejaa". Mapema. Anafungua sindano kidogo, upana wa punje ya mchele.

"Mama, unaipunguzia mbio," Kasereka analalamika, macho yake kwenye gari.

"Iliingia maji, Kasereka. Sijui ndani iko namna gani. Afadhali ishibe kuliko ikufe na njaa."

Upande wa pili, Fabrice anaelekeza bastola yake kwenye kichwa kinachong'aa. Themanini. Anapima tena. Themanini. Anakunja uso. Injini imepoa, anasema mwenyewe, na kufunga sindano kidogo. Gari linatoka likiwa na kasi zaidi. Mara ya pili: themanini na tano. Anafunga tena. Sasa gari linaruka. Kufikia dakika ya kumi na tano ubao wa Domitille unaonyesha Fabrice yuko mbele kwa mizunguko miwili, na vijana wameanza kuimba jina lake.

Kasereka anamtazama Alphonsine. Alphonsine hamtazami yeye. Anatazama moshi.

Gari la nitro lenye afya linavuta mkia mwembamba wa moshi wa bluu. Ni mafuta yanayolainisha pistoni, yanayotoka pamoja na moshi. Mkia wa gari la Fabrice umekatika. Kwenye kona unaonekana kidogo, kwenye mstari mrefu haupo kabisa. Na sauti imepanda. Haiungurumi tena. Inalia kama mbu.

Anaijua sauti hiyo. Aliisikia Djugu mara moja, mume wake akiwa sokoni, na yeye hakwenda kumwambia kwa sababu alikuwa mke mgeni na mashine haikuwa kazi yake. Kinu kilikaa miezi minne bila kusaga.

Anatembea hadi upande wa pili. Watu wanampisha. Anasimama karibu na Fabrice wakati gari lake linaingia kunywa.

"Fabrice. Fungua sindano. Iko naungua."

Fabrice anapima na kumwonyesha kioo. "Quatre-vingt-douze, mama. Angalia weye mwenyewe. Tisini na mbili. Iko baridi hata."

"Moshi haiko. Sikiliza ile sauti. Niache niweke tone moja tu."

"Unataka nisimame Kasereka apite?" Hasemi kwa ubaya. Anasema kwa haraka, na gari tayari limeondoka mkononi mwake. "Mashine haisemaka uongo, mama."

Alphonsine anafunga chupa yake. Kisha anarudi.

"Ulimwambia nini?" Kasereka anauliza.

"Kwamba motere yake itakufa."

"Mama! Juu ya nini? Iache ikufe. Chumba ni yako."

"Endesha gari, Kasereka. Ile motere haikukosea mutu."

Dakika ya ishirini. Dakika ya ishirini na tatu. Fabrice mbele kwa mizunguko mitatu. Tone la Alphonsine sasa linakauka kwenye "Bwana yu nawe", mara mbili mfululizo, na hagusi tena sindano. Beringi za fotokopi zinazunguka. Midomo yake inaendelea kucheza hata gari likiwa mbali, na haijulikani tena ni kwa ajili ya injini ya nani.

Dakika ya ishirini na sita, katikati ya mstari mrefu, sauti ya gari la Fabrice inapanda mara moja, juu sana, halafu hakuna kitu.

Gari linateleza lenyewe, bila sauti, linasimama kwenye mstari wa chokaa. Fabrice anabonyeza rimoti mara mbili, mara tatu. Kisha anatembea, analiokota, na kulishika kwa ncha za vidole kwa sababu linamuunguza.

Domitille anafunga hesabu: Kasereka tisini na saba, Fabrice themanini na saba. Injini ya Kasereka bado inanguruma pembeni wakati Constant anapokuja kuisikiliza kwa sikio lake mwenyewe, ameinama, mkono mgongoni.

"Inazunguka," anasema, na kutoa ufunguo mfukoni.

Alphonsine anaupokea kwa mikono miwili. Anaufunga kwenye pindo la kitenge. Kasereka anashangilia peke yake kama watu kumi. Alphonsine anakwenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa sakafu, ambako Fabrice amekaa na gari magotini.

"Ilete Lundi asubuhi, kesho kutwa," anamwambia.

"Niilete unicheke?"

"Kucheka kunafanyikaka leo. Lundi iko kazi."

*

Jumatatu, saa moja asubuhi, injini ya kwanza kuwekwa kwenye meza ya chumba kipya ni ya Fabrice. Nje pikipiki zinapita. Ndani, mlango ukifungwa, zinasikika tu. Kitambaa cheupe kinabaki cheupe.

Pistoni imekwaruzika kutoka juu hadi chini. Itabidi kuagiza nyingine Kampala pamoja na silinda yake, na kungoja wiki mbili au tatu. Fabrice anaigeuzageuza mkononi. Kinachomsumbua si pistoni.

"Lakini ilisema tisini na mbili," anarudia. "Nilinunua mpya. Haijawahi kunidanganya."

Alphonsine hajui jibu. Anasema hivyo wazi: hajui. Lakini anajua namna ya kumkamata muongo, ambayo ni kumuuliza swali lile lile mbele ya shahidi. Anawasha mbabula, jiko la makaa, anaweka sufuria yenye maji ya vidole viwili. Anang'oa kichwa cha injini ya Kasereka, cheusi kama kilivyotoka kiwandani, maana burashi ya mtoni haikuweza kukitoa weusi wake. Anakisimamisha ndani ya maji kando ya kile cheupe cha Fabrice. Maji yanachemka. Vichwa vyote viwili vimekaa ndani ya moto mmoja, juu vikiwa vikavu.

"Pima sasa."

Fabrice anaelekeza bastola kwenye kichwa cheusi. Tisini na moja. Anaelekeza kwenye cheupe. Hamsini na sita.

Anapima tena. Anabadilisha pande. Hamsini na nane.

"Sufuria moja," anasema polepole. "Maji mamoja."

"Gusa na kidole kile unachosema iko hamsini na sita."

Hagusi. Anakaa chini kwenye sakafu ya saruji na kuanza kucheka, na safari hii anajicheka mwenyewe. Kipima joto kinasoma weusi, si mng'aro. Alipokisugua kichwa cha injini kwa majivu ili kisimwaibishe mbele ya watu, alikifunga kinywa. Kikawa kinaungua bila kusema. Naye akawa anakitafutia mia na kumi yake, akifunga sindano kila mara, mpaka kikafa.

"Mama yangu alikosea," anasema.

"Mama yako alikuwa nasema sufuria. Usimupe kosa la motere."

Kasereka, aliyepitia kumtazama mshindi wake, anaona ni wakati mzuri wa kukumbusha kwamba yeye aliosha tu. Alphonsine anamwelekeza mlango kwa bisibisi, na anautazama mpaka unajifunga vizuri nyuma yake.

Kuhusu Jumamosi ana neno moja tu, na halisemi mbele ya Fabrice. "Nilimwambia mara moja. Jumapili mu kanisa nilijiuliza kama ningemwambia mara mbili. Mara moja iko haki. Mara mbili, sijui, pengine ndiyo upendo. Au nilipenda mulango huu kupita kiasi."

Ufunguo ni wa mwaka mmoja. Anajua atakachofanya nao. Vichwa vyote saba vitapakwa rangi nyeusi ya moto, na hakuna gari litakalokwenda mtoni. Mlango ukimpa saa sita za kazi kwa siku badala ya mbili, anataka kuweka akiba ya kinu kidogo cha mahindi. Habari kutoka kwao si nzuri kila wiki, lakini kuna wiki ambazo si mbaya. Mungu akijalia njia itulie, atarudi Djugu na sanduku lake kichwani, na safari hii na sufuria pia.

Siku hiyo magari saba yatahitaji mtu. Ndiyo sababu ya meza ya pili iliyowekwa chini ya dirisha, ambako kuna mwanga wa kutengeneza simu. Mzee Constant aliposikia alinung'unika kuhusu chungu na wapishi. Alphonsine akamjibu kwamba mpishi ni mmoja bado, huyu mwingine anajifunza kuonja.

Shida ilikuwa sala. Fabrice ni Mprotestanti, mtoto wa mchungaji, na Salamu Maria hataki. Alphonsine alikaa nayo siku mbili, akajaribu peke yake na chupa na kijiti, kisha akamletea jibu: kwa Baba Yetu, tone likauke kwenye "jina lako litukuzwe". Ni mwendo ule ule. Amepima mara kumi.

Sasa injini ya Kasereka iko mezani, ina moto. Fabrice anachovya kijiti. Tone linaanguka, linachemka, linakauka. Midomo yake imeshafika kwenye mkate wa kila siku.

"Iko baridi," anasema. "Nifunge sindano?"

Alphonsine anasikiliza injini, kichwa ameinamisha upande mmoja. Anatazama mkia wa moshi wa bluu unaotoka nje kupitia dirishani. Anamsogezea tena chupa ya maji.

"Haiko baridi. Ni weye ulikimbia. Rudia," anamwambia. "Na mara hii, usali kweli."